Abiria wa Mlango wa Mbele

Nezha alikuwa na shuka mbichi mikononi alipopata habari kwamba mumewe ana mwanamke. Hakuambiwa kwa maneno hayo. Bahija, jirani wa ghorofa ya chini, hakuwa mtu wa kusema jambo likaisha. Alianza kwa kuusifu weupe wa shuka, akaulizia kikohozi cha mtoto, akabana vibanio viwili kwenye kamba yake, ndipo akasema:

"Siku hizi mumeo, Sidi Ghani, kapata abiria wa kudumu."

"Mtu anaendesha tramu nzima, Lalla Bahija, atakosaje abiria?"

"Abiria anao. Lakini huyu hashuki."

Paa lile la mtaa wa Hay Mohammadi lilikuwa limejaa nguo za familia sita, na upepo ulikuwa ukizipiga hata wanawake wale wawili ikawa wanaonana kwa vipande, mara uso, mara mkono. Nezha alisogeza suruali za mumewe ili amwone vizuri anayesema naye.

"Hashuki vipi?"

"Mimi sisemi kitu, shoga yangu. Mimi nilikuwa naenda kwa dada yangu kule Ain Diab, nikakaa mbele. Kulikuwa na mwanamke mrefu, kilemba cha kijani, kasimama palepale nyuma ya kioo cha dereva kama kapigwa msumari. Na viti vitupu tele! Nikasema labda mgongo unamsumbua. Basi tumefika mwisho wa njia, watu wote tumeshuka, mumeo akatoka upande huu ili akaendeshe kwa upande ule mwingine. Na yule naye akashuka. Wakafuatana jukwaani hatua kwa hatua, kisha akamiminiwa chai."

"Nani kammiminia nani?"

"Mumeo kammiminia yeye." Bahija akatazama angani kama anayekagua mawingu. "Labda ni jamaa yake wa shamba."

"Labda," Nezha akasema.

"Ila nilimuuliza mkaguzi mmoja wa tiketi, akacheka. Kasema yupo kila siku, tramu ya saa nne."

Nezha akaitandaza shuka kwenye kamba. Aliibana vibanio saba, wakati vinne vingetosha.

Chupa ile ya chai ilikuwa yake. Kila alfajiri, Ghani akiwa anavaa sare, Nezha alichemsha maji, akachambua mnanaa, akatia sukari kwa kipimo anachokijua yeye peke yake. Kando ya chupa alifunga mkate wa harsha kwenye kitambaa. Tangu kiangazi Ghani alikuwa amemwomba aongeze kipande kimoja, naye alifurahi, maana mumewe alikuwa amekonda na kupoteza hamu ya kula. Sasa alisimama jikoni akikitazama kile kitambaa. Kumbe miezi yote hiyo alikuwa akimpikia mwanamke mwenzake kwa mikono yake mwenyewe.

Ghani alirudi saa tisa, akanawa, akaketi. Nezha akamwekea dengu.

"Leo abiria walikuwaje?"

"Abiria ni abiria."

"Chai ilitosha?"

"Ilitosha."

"Ulikunywa na nani?"

Kijiko kilisimama hewani, muda wa kupepesa jicho tu, lakini mke wa miaka kumi na mbili hahitaji zaidi ya hapo.

"Na nani tena? Peke yangu."

Akamaliza dengu zake, akamshukuru Mungu, akaenda kulala akiwa ameelekea ukutani. Hivyo ndivyo alivyokuwa akilala tangu mwezi wa tano. Nezha alikuwa amelilaumu joto, akalaumu zamu za alfajiri, akalaumu hata godoro. Hakuwahi kulaumu kilemba cha kijani, kwa kuwa hakujua kama kipo. Alilichukua koti la sare pale kwenye msumari, akalinusa kwapani na kwenye kola. Lilinuka chuma na sabuni yake mwenyewe.

Kesho yake alitia konzi ya chumvi kwenye unga wa harsha. Aliona haya wakati anakanda, lakini alikanda. Ghani aliporudi, kitambaa kilikuwa kimekunjwa vizuri, hakina hata chembe.

"Mkate ulikuwaje?"

"Mzuri. Mikono yako isalimike."

Nezha akabaki ameshika kitambaa. Mumewe hajui kusema uongo wa mkate. Supu ikizidi pilipili huonekana usoni mwake kabla ya kijiko cha pili. Basi hakuula yeye. Aliula yule. Na aliweza kula chumvi ile yote bila kusema neno. Ni mapenzi gani haya, akajiuliza, yanayomeza chumvi?

*

Siku ya Jumanne alimpeleka bintiye Wiam shuleni, akarudi nyumbani, akajipamba. Alitoa kanzu yake ya jalaba ya rangi ya zabibu aliyoivaa kwenye harusi ya mdogo wake, akapaka wanja, akajifukiza udi kidogo kama anayekwenda kuposa. Akagusisha kadi yake kwenye mashine ya kituo, akangoja.

Tramu ilikuja ikiteleza kimya, ndefu, nyekundu, kama nyoka aliyeshiba. Nezha alipanda mlango wa pili asionekane, akajipenyeza hadi mahali anapoweza kuona mbele.

Mwanamke alikuwepo. Mrefu kweli, yapata miaka arobaini, amesimama na bega lake kwenye kioo cha chumba cha dereva. Hakuwa amejipamba. Hilo ndilo lililomchoma Nezha kuliko yote. Yeye kajikwatua tangu asubuhi, na mwenzake kaja na jalaba iliyochujuka, uso haujaguswa hata na maji ya waridi, na bado ndiye anayefuatwa na chai.

Wakapita sokoni, wakapita shule ya wasichana. Kufika kwenye njia panda yenye duka la magodoro, tramu ikapunguza mwendo hadi ukawa mwendo wa mtu anayetembea. Taa ilikuwa inaruhusu. Barabarani hapakuwa na mtu. Ghani akapiga kengele mara tatu. Mwanamke akafumba macho, akaweka kiganja chake juu ya kioo. Na Ghani, bila kugeuka, mkono wa kulia ukiwa kwenye mpini wa kuendeshea, akaupeleka wa kushoto nyuma ya bega lake na kugusa kioo hichohicho, upande wake, kiganja kwa kiganja.

Kisha tramu ikashika kasi tena.

Nezha alihisi damu ikimpanda hadi masikioni. Miaka kumi na mbili ya ndoa, mumewe hajawahi kumshika mkono barabarani, anasema ni mambo ya watoto wa vyuo. Na huyu anamshika kupitia kioo, mbele ya mji mzima, kwa kengele!

Alingoja hadi mwisho wa njia. Watu wakashuka. Ghani akatoka chumbani mwake na chupa kwapani, mwanamke akashuka, wakaanza kutembea sambamba kwenye jukwaa. Hakuna aliyecheka, hakuna aliyemtazama mwenzake. Walitembea kama watu waliozoeana hata maneno yamewaishia. Ghani akamimina chai. Hapo Nezha akawafikia.

"Mimina na mimi! Au ya mke hakuna?"

Kikombe kilianguka mara tu alipokipiga. Chai ikaruka kwenye jalaba ya yule mwanamke.

"Nezha," Ghani akasema. Basi.

"Mnanaa ule naununua mimi! Sukari naitia mimi! Naamka alfajiri nikidhani namlisha mume, kumbe namlisha mume na kimada wake! Wewe mwanamke, huna kwenu? Huna chai kwenu?"

Watu walianza kukusanyika. Vijana wawili wakainua simu zao. "Mwachie mwenzio mumewe, mama!" mtu akapaza sauti. Mzee mmoja mwenye mfuko wa samaki akasema, "Dereva ana bahati, mimi hata mmoja hanipigii kelele," na watu wakacheka. Mwingine akalalamika kwamba yeye ana kazi, hii tramu inaondoka au haiondoki?

Ghani alikuwa amesimama mikono chini kama mtoto anayengoja viboko. Ndipo yule mwanamke akasema, kwa sauti ndogo:

"Wewe ndiye mkewe? Basi mkate wa chumvi ulikuwa wako."

"Wangu!"

"Niliula. Nilidhani nyinyi ndivyo mnavyokula." Akajifuta chai kifuani. Kisha akamgeukia Ghani, na sasa sauti yake ikabadilika. "Hujamwambia? Miezi mitano, mkeo hujamwambia?"

Ghani akatazama reli.

"Mimi naitwa Yamna," mwanamke akamwambia Nezha. "Mwanangu Anwar alikufa kwenye ile njia panda ya magodoro. Alikatisha mbio, masikio yameziba kwa muziki. Tramu ilikuwa hii. Na aliyekuwa ndani alikuwa huyu."

Vicheko vikakatika. Mmoja wa wale vijana akashusha simu, mwingine hakushusha. Kutoka kwenye chumba cha dereva sauti ya redio ilikuwa inaita na kuita, ikiuliza kwa nini tramu ya saa nne haijaondoka. Ilichelewa dakika kumi na moja. Ghani akaingia upande wa pili, milango ikajifunga, tramu ikaenda bila Yamna na bila Nezha. Yamna alivuka barabara akaondoka kwa miguu. Nezha alibaki peke yake jukwaani na chupa ya chai miguuni pake.

*

Wiam aliporudi shuleni aliuliza swali moja tu.

"Mama, kwa nini uko kwenye simu ya kaka yake Salwa, unapiga kelele?"

Jioni mtaa mzima ulikuwa umeiona ile video. Bahija alipanda na sahani ya tini, akaketi, akasema ni mapenzi ya Mungu, akasema yeye hakujua, na kwamba kama angejua asingefungua mdomo. Macho yake yalikuwa yakizunguka chumba yakitafuta mahali Ghani alipo. Nezha alimshukuru kwa tini na kumsindikiza mlangoni kabla hajaweka sahani chini vizuri.

Ghani alikuwa chumbani, bado na sare.

"Siku ile redio iliposema kijana amegongwa," Nezha akaanza, "mimi nilikuuliza, hapo mezani. Nikasema, Ghani, umesikia? Ukasema nimesikia. Ukaomba mkate."

"Ndiyo."

"Na baada ya hapo? Si ulikuwa ukitoka na sare kila siku?"

"Siku kumi walinipumzisha. Nilikuwa nakaa bustanini mpaka saa za kurudi."

"Kumi! Nikakupigia pasi sare kila siku, ukakae bustanini!"

"Ningekuambia nini, Nezha? Walisema sina kosa. Breki nilivuta, kengele nilipiga, karatasi zote zinasema sina kosa. Lakini ningekuambia, halafu ningekaa hapa, unanitazama. Kila ukinipa sahani ungekuwa unampa mtu aliyeua mtoto."

"Na yeye akikutazama, anamwona nani?"

Ghani akafikiri. Hilo la kufikiri lilikuwa baya kuliko jibu.

"Yeye anajua tayari," akasema. "Kwake sina cha kuficha."

Nezha akatoka akaenda kuosha vyombo vilivyokuwa safi. Angekuwa hawara, angejua la kufanya. Angelia, angewaita wajomba zake Ghani kutoka Settat, angenunua manukato, angempokonya mtoto na sufuria, na mwisho angeshinda, maana hawara huzeeka. Lakini mama wa mtoto aliyekufa unashindana naye kwa nini? Unamtolea wanja gani? Alijua ni aibu kumwonea wivu mwanamke wa namna ile, na alimwonea. Alimwonea wivu kwa sababu mumewe alikuwa amechukua kitu kikubwa kuliko vyote vilivyowahi kumpata, akakipeleka kwa mtu mwingine, huku yeye akiachiwa jibu la "abiria ni abiria".

Siku ya pili ikaja barua. Ghani afike mbele ya wakuu siku ya Alhamisi, saa tano. Walitaja kuchelewesha safari, kuzoeana na abiria, kupunguza mwendo bila sababu mahali pasipo kituo, na fujo za familia kwenye jukwaa. Hadi siku hiyo asiguse mpini.

"Watanifukuza," Ghani akasema, kama anayesema kesho kutwa ni Ijumaa.

"Si uwaeleze!"

"Nieleze nini?"

"Kile unachomweleza yeye!"

Ghani akainuka. Nezha alimtazama akivaa viatu na kwenda kukaa msikitini, na akaelewa kwamba Alhamisi ile mumewe angesimama mbele ya wakuu vilevile alivyosimama jukwaani, mikono chini, akingoja kupigwa.

*

Nyumba ya Yamna haikuwa mbali, aliulizia mara moja tu akaelekezwa. Ilikuwa nyuma ya machinjio ya zamani, chumba cha chini chenye dirisha la kuuzia mikate. Nezha alikuja na mche wa sukari uliofungwa karatasi ya buluu, kama watu wanavyokwenda msibani au kuomba radhi. Hakujua mwenyewe kipi kati ya hivyo viwili. Hakupaka wanja.

Yamna alikuwa anakunja mikate ya msemen kwenye meza iliyopakwa mafuta. Aliutazama mche wa sukari, kisha mwenye sukari.

"Weka hapo. Umekuja kupiga kelele au kukaa?"

"Kukaa."

"Basi kaa, na ukunje. Mikono mitupu inanitia wasiwasi."

Wakakunja. Nezha akaomba radhi kwa chai na kwa neno kimada. Yamna akasema kwa neno hilo ameshaitwa na wengi, wakaguzi wanacheka mbele yake kila siku, limekwisha makali. Ukutani palikuwa na picha ya kijana mwenye nywele za kusimama, anacheka na mtu asiyeonekana.

"Siku ya arubaini nilipanda nikiwa na mate mdomoni," Yamna akasema bila kuulizwa. "Nilitaka nimtemee usoni mbele za watu. Akatoka kwenye kile kibanda chake cha kioo, akaniona, akanijua. Kumbe alikuja mazikoni, akasimama mbali. Basi akasimama mbele yangu hivi, mikono chini, akangoja. Alikuwa anangoja nimtemee. Mate yakanikauka. Kesho yake nikapanda tena nikidhani nitaweza. Na kesho kutwa. Halafu akaleta chai."

"Mnaongea nini?" Nezha aliuliza haraka mno.

Yamna akamtazama muda mrefu, na Nezha akahisi kwamba wivu wake umeonekana wote, kama uchafu kwenye shuka nyeupe.

"Ananiuliza habari za Anwar. Alikuwa anapenda kula nini. Mwalimu gani alimpenda. Kama alikuwa na msichana. Nami namwambia, kwa sababu hapa ndani haulizi mtu. Baba yake hataki jina litajwe. Hata ile picha, akiingia huitazama sakafu."

"Na yeye anakuambia nini?"

"Yeye analia."

"Ghani analia?"

"Kila siku, baada ya magodoro. Hujawahi kumwona?"

Hajawahi. Hata alipomzika baba yake hakulia. Aliwapa watu mikono na kuuliza kama chakula kimetosha. Nezha aliinamisha kichwa juu ya unga. Hakuna kitu cha mumewe alichowahi kukitaka kama alivyoyataka machozi yale wakati huo.

Akasema alichokuja kusema. Kwamba Alhamisi saa tano wakuu wanamwita. Kwamba yeye mwenyewe hatajitetea. Kwamba kama mama wa marehemu angesema neno moja tu, wangeelewa kwa nini anapunguza mwendo pale, na kile kilichotokea jukwaani.

"Amekutuma?"

"Hajui kama niko hapa."

"Yaani unataka mimi nikamwombee kazi mtu aliyepita juu ya mwanangu."

Kusikia neno lenyewe likisemwa hivyo, Nezha aliacha kukunja. Yamna akachukua msemen uliokuwa mbele ya Nezha, akaufungua, akaukunja upya.

"Huu umeukunja vibaya," akasema. "Nenda nyumbani. Nitakuja au sitakuja, sijui."

*

Alhamisi Nezha aliketi kwenye benchi ya korido, kwenye bohari ya tramu, chini ya picha kubwa ya tramu. Ghani alikuwa ameingia ndani na shati lililopigwa pasi mara mbili. Kwenye mlango wazi wa pili madereva watatu walikuwa wanakunywa kahawa. Mmoja alimtambua, akamgusa mwenzake kiwiko. "Ndiye yule wa chai," akanong'ona, kwa sauti ya mtu anayetaka asikike.

Saa tano na robo Yamna akaja. Kilemba kilikuwa kilekile cha kijani. Hakumsalimu Nezha, hakuketi. Aligonga mlango, akaingia bila kuitwa, na Nezha akasikia sauti ya Bwana Lahlu, mkuu wa madereva, ikisema, "Mama, huku ndani kuna kikao," na sauti ya Yamna ikijibu, "Ndicho nilichokijia."

Alichosema hakikuchukua dakika mbili. Mlango haukufungika vizuri, na Nezha alisikia karibu yote. Alisema mwanawe ndiye aliyekatisha mbio, na kwamba amelisema mara moja leo na hatalirudia. Alisema aliyepanda tramu ni yeye, hakuitwa na mtu. Alisema pale kwenye magodoro hawezi kupita kwa miguu, magoti yanakataa, njia pekee ya kupafika ni kubebwa. Na kama kampuni inaona kengele tatu ni nyingi kwa ajili ya mtoto wake, basi wamwambie zipunguzwe mpaka ngapi.

Hakuna aliyemwambia ngapi.

Kiti kikasogezwa. Kisha Bwana Lahlu akauliza, kwa upole ambao hakuwa nao mwanzo, "Sidi Ghani, wewe huna la kusema?" Na Nezha, masikio yamesimama, akasikia mumewe akianza kulia. Ulikuwa mlio wa ajabu, wa kukwaruza, kama mashine iliyokaa muda mrefu bila mafuta. Katikati ya mlio huo maneno yakawa yanatoka. Alikuwa anaeleza. Alikuwa anawaeleza wanaume watatu nyuma ya meza, watu asiowajua vizuri, kila kitu.

Nezha akakamata ukingo wa benchi. Hata sasa. Hata hawa, kabla yangu.

Mlango ukafunguka, Yamna akatoka, akaufunga taratibu nyuma yake. Safari hii aliketi. Walikaa bega kwa bega, wakimsikiliza yule mwanamume upande wa pili wa ukuta.

"Mungu akulipe," Nezha akasema.

"Nisikilize." Yamna alikuwa anatazama mbele. "Mwanzo nilipanda kwa ajili ya mwanangu. Kisha nikawa napanda kwa sababu ya huyu wako, kwamba nisipokuja leo atashinda vipi. Siku nina homa nilipanda. Mkate wa chumvi nikala, nikasema nisimvunje moyo. Mimi nilizaa mmoja, nikazika mmoja, na sasa nimejikuta nalea mume wa mtu. Nimechoka, dada. Unanionea wivu, nimekuona kule kwangu, macho yamekutoka. Unataka nafasi yangu? Chukua. Ni nzito, lakini chukua. Mimi nina wangu wa kumlilia, na sijapata nafasi."

Akasimama, akanyoosha jalaba yake, akaenda zake. Hakugeuka. Wale madereva wa kahawa walimpisha njia.

Ghani alitoka saa sita, macho mekundu, karatasi mkononi. Hakufukuzwa. Miezi mitatu atafanya kazi bohari, hatagusa mpini, na kila wiki atakwenda kuonana na daktari wa mambo ya moyoni. Baada ya hapo wataona. Lakini kabla ya kusema lolote kati ya hayo alitazama korido yote, juu na chini, na Nezha alijua anamtafuta nani. Lilimchoma palepale panapochomwa siku zote.

"Ameondoka," akasema. "Niko mimi."

Wakatembea hadi kituoni. Tramu ikaja, ikafungua milango, na Ghani hakuinua mguu. Nezha akamwona jinsi alivyoganda, akitazama ile ngazi ndogo kama shimo. Milango ikajifunga. Wakaketi kwenye kiti cha chuma cha kituo.

"Nieleze," Nezha akasema.

"Si umesikia? Mlango ulikuwa wazi."

"Nimesikia ukiwaeleza wao."

Ghani akasugua magoti yake kwa viganja. Tramu ya pili ikaja kutoka upande wa mjini, ikashusha wanafunzi, ikaenda. Walipita wakicheka, mmoja akampiga mwenzake mkoba wa mgongoni.

"Alikuwa na fulana ya njano," Ghani akasema. "Nilimwona tangu dukani. Nikapiga kengele. Nikasema huyu atasimama, wote husimama. Nezha, aligeuka. Hilo sijamwambia hata mama yake. Mwishoni kabisa aligeuka, akaniona usoni."

Nezha alitaka kumwambia inatosha. Kwa mara ya kwanza aliuona uzito wenyewe, jinsi ulivyo, akatamani Yamna angekuwepo aupokee. Aliutazama uso wa mumewe. Ulikuwa umemgeukia yeye, si ukuta.

"Halafu?" akasema.

Tramu ya tatu ikaja, ikasimama mbele yao milango wazi, dereva akawatazama akingoja kama watapanda. Nezha akampungia mkono aende.